Ile Tuliyoiita Dawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bomba kabla sijapewa kiti. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, nimevaa sketi niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, na Afisa Kilimo wa Wilaya ya Kibondo, mtu mrefu aliyependa kuzungumza huku akitazama dirishani, akaninyooshea kidole kwenye kona ya ofisi. Bomba la mgongoni lilikuwa pale, la rangi ya manjano, mikanda yake bado iko kwenye nailoni. Kwa asiyelijua, ni tangi dogo ambalo mkulima hulibeba kama mama anavyobeba mtoto. Mkono mmoja unapampu, mwingine unashika mrija wenye tundu dogo la kunyunyizia.

"Bibi shamba," alisema, "wananchi wa Kitahana hawajui kupiga dawa. Chukua hilo, nenda ukawafundishe."

Basi nikawa bibi shamba kabla sijaolewa. Wanaume wa kada yetu waliitwa mabwana shamba, na baadaye wakubwa wakaamua wote tuitwe maafisa ugani. Jina likabadilika, baiskeli ikabaki ileile. Leo mimi ni bibi kwelikweli, nina wajukuu, na shamba langu ni bustani nyuma ya nyumba hapa Kasulu mjini. Nimestaafu, lakini hasira yangu bado inaamka asubuhi na kwenda kazini. Naomba anayesoma anivumilie, kwa sababu hasira hii inahusu kilichomo kwenye sufuria yake.

Kitahana niliingia kwa baiskeli, bomba mgongoni, vumbi hadi kwenye nyusi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ametangaza tangu jana yake kwamba serikali inaleta dawa. Nilipofika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji nilikuta watu wamekaa kwa foleni. Palikuwa na mzee aliyefunga mguu kwa kitambaa, msichana aliyeshika shavu kwa jino, na akina mama wenye watoto wanaokohoa. Wa kwanza mbele alikuwa mama wa umri wangu, jina lake Leokadia, amembeba mwanawe Edsoni mgongoni.

"Muganga," aliniambia, "huyu kifua kinambana tangu juzi."

"Mimi siyo mganga, mama. Dawa hii ni ya mimea."

Alilitazama bomba, akanitazama mimi. "Mimea inaumwa nini?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Niliporudi Kibondo na kusimulia, ofisi nzima ilicheka zaidi, na Afisa Kilimo akakirudia kisa hicho kwa kila mgeni kama mfano wa ushamba wa wananchi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza Leokadia alikuwa amekosea wapi. Hakuwa amekosea. Dawa, kwa kila anayesema Kiswahili, awe Mswahili wa Kigoma Ujiji au Muha wa Kitahana aliyejifunza lugha hii shuleni, ni kitu unachompa mtu unayetaka aishi. Sisi tulikuwa tumebeba tangi la kitu kinachoua, tukakipa jina zuri kuliko yote tuliyokuwa nayo.

Leokadia ndiye aliyenipa eneo nyuma ya jiko lake nifanyie shamba darasa, yaani bustani ya mfano ambayo majirani wanajifunza kwa kuitazama inavyokua. Nitaeleza tulivyoilima, maana vijana wanaonijia leo kuomba ushauri huanza mwisho. Swali lao la kwanza ni, "Bibi, nipige dawa gani?" Hujachimba hata tuta. Unatibu nini?

Anza na mahali. Bustani ya nyumbani ikae karibu na jiko, kwa sababu mboga isiyoonekana kila siku hupata mwenyewe mwingine, na mwenyewe huyo ana miguu sita. Tuta lisizidi upana ambao mkono wako unaweza kufika katikati bila kukanyaga udongo. Anayekanyaga tuta lake analishindilia, kisha analalamika kwamba karoti zake zimepinda. Chimba mara mbili: ondoa udongo wa juu uuweke pembeni, tifua ule wa chini, changanya na samadi, urudishe. Na samadi iwe imeiva. Leokadia nilimfundisha kuchomeka fimbo kwenye rundo, kuiacha kidogo, kuichomoa na kuigusa. Ikitoka na joto, rundo bado linapika, na ukiliweka shambani litapika mizizi ya miche yako pia. Nimewaona walimu wakuu wakiunguza bustani nzima ya shule kwa haraka ya siku chache.

Mbegu ndogo kama za kabichi, nyanya na ngogwe, yaani nyanya chungu, zianzie kitaluni, hilo ni tuta dogo la kulelea miche. Zipande kwa mistari, siyo kwa kumwaga kama chumvi. Miche ikibanana, punguza, hata kama roho inakuuma. Wakulima wengi wa huku wana huruma ya ajabu kwa miche, hawataki kung'oa hata mmoja, na matokeo yake wanavuna kabichi kama ngumi ya mtoto. Kabla ya kuihamisha, ikomaze kwa kuipunguzia maji na kuizoesha jua. Hamisha jioni. Anayehamisha miche saa sita mchana kwa sababu ndiyo saa aliyopata nafasi ameamua kuiua, basi asinitafute.

Leokadia alishika kila kitu. Majani makavu aliyokuwa akiyafagia na kuyachoma sasa aliyatandaza juu ya matuta, hayo ndiyo matandazo, yanazuia jua kunyonya maji. Bustani ile ilikuwa inameta. Edsoni alianza kutembea katikati ya yale matuta, na mama yake akimkemea asikanyage, kwa maneno yangu yaleyale.

Kiangazi cha pili viwavi waliingia kwenye kabichi za kijiji. Ofisi ikaleta makopo. Kwenye kopo palikuwa na maandishi madogo ya lugha ya kigeni, na mwenyekiti wa kitongoji akawapimia watu kwenye chupa za soda. Tulitangaza kama tulivyoelekezwa: dawa ya wadudu imefika.

Kiangazi huku kwetu kina vumbi, na vumbi lina funza, wale wadudu wanaoingia chini ya kucha za miguu na kutaga humo. Miguu ya Edsoni ilikuwa imeliwa vibaya, hakuweza kukanyaga. Leokadia alipiga kabichi zake, akabakiwa na kidogo kwenye chupa. Akamwosha mtoto miguu, akampaka.

Nilikuta wanamtoa kwa baiskeli kwenda hospitali. Alikuwa anatokwa na jasho na mate, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama mbegu ya mchicha. Jua lilipozama mtoto hakuwepo.

Msibani nilikaa chini karibu na Leokadia. Kisha akaniuliza, polepole, kwa sauti ya mwanafunzi ambaye anataka kujua alipokosa hesabu.

"Muganga, mlisema ni dawa ya wadudu. Funza si mdudu?"

Funza ni mdudu. Chupani mlikuwa na dawa ya wadudu. Nioneshe profesa atakayelivunja hilo.

Kibondo, Afisa Kilimo alinipokea akitazama dirishani. Alisema ni jambo la kusikitisha sana. Kisha akasema taarifa itaeleza kwamba chanzo ni uzembe wa mzazi.

"Mzazi hakufanya uzembe, mkuu," nilimwambia. "Alielewa vilevile tulivyomwambia. Sisi ndio tunaoita sumu dawa."

"Bi. Yusta, mambo ya lugha waachie walimu wa lugha. Wewe ni wa kilimo."

Nilitoka mle ofisini na hasira, na niseme wazi kwamba haijawahi kutulia sawasawa. Siku iliyofuata nilianza kusema sumu. Kila mkutano, kila shamba, neno dawa halikutoka mdomoni mwangu. Nikisikia mtu anasema "kupiga dawa" namkatiza, "Kunyunyiza sumu." Nilijiona nimelimaliza tatizo.

Lakini Kiswahili kwa wazee wa Kitahana ni lugha ya ofisini. Nyumbani ni Kiha. Katika mkutano wa hadhara kijijini bibi mmoja aliuliza sumu ndiyo nini, na mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, akamtafsiria: uburozi.

Asiye wa huku lazima nimweleze. Uburozi siyo kitu tu kilichomo kwenye chupa. Ni kitendo. Una mwenyewe, na mwenyewe ni mrozi, mtu anayekuja kwako na tabasamu ili akumalize. Hakuna uburozi unaojileta. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia.

"Kwa hiyo, mwanangu, serikali imekutuma kwetu na uburozi?"

Nilijaribu kueleza nikazidi kuharibu. Nikawa nimebanwa katikati ya maneno mawili, moja linasema chupa inaponya, lingine linasema aliyeileta ni mchawi, na katikati hapana neno la kusema tu kwamba kitu hiki kinaua, kitumieni kwa uangalifu na mkiweke mbali na watoto. Wenzangu wa vyuo vikuu wana neno lao, viuatilifu. Nilimsikia mtaalamu mmoja akilitamka mbele ya wakulima wa Kitahana, na kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba huenda ni jina la kampuni.

Wiki haikuisha nikaitwa Kibondo. Safari hii mkuu hakutazama dirishani.

"Umewaambia wananchi kwamba serikali inaroga?"

"Nimewaambia kilichomo kwenye kopo, mkuu."

"Unahamia Munanila. Na bomba utaliacha hapa."

Nilikwenda kumuaga Leokadia. Alikuwa kwenye bustani yake, analima, maana watu hula hata baada ya msiba. Alinipa mbegu za lengalenga, ndiyo mchicha wetu wa kienyeji, amezifunga kwenye kipande cha kanga. "Nenda ukapande, muganga," akasema. Aliendelea kuniita muganga siku zote, na sikumkatiza tena.

Munanila siku hizo ilikuwa chini ya Kasulu. Ni juu, baridi, ukungu unashuka mpaka kwenye mabati, na vilima vya Burundi unaviona ukiwa umesimama mlangoni. Walinipeleka kwa adhabu, bila bomba, wakidhani bibi shamba bila bomba ni askari bila kirungu. Nawashukuru. Huko ndiko nilikojifunza kazi.

Kwa sababu bila bomba inabidi utumie macho. Amka, kabla hujafua wala kuteka, zunguka bustani yako. Geuza majani uangalie upande wa chini, maana mayai hukaa huko na mwenye haraka hutazama juu. Ukiyaona, yapondeponde kwa vidole. Mche ukikutwa umekatwa shingoni umelala, usilie wala usikimbilie dukani. Fukua udongo palepale kwenye shina, utamkuta sota, kiwavi mkata miche, amejikunja analala, kashiba. Mtoe. Vidukari, wale wadogo wanaojazana kwenye ncha changa, wanyunyizie maji ya sabuni kidogo ya kufulia, jioni, kisha suuza kesho yake. Majivu ya jikoni nyunyiza kuzunguka shina, lakini yasiwe kila siku na yasiwe rundo, udongo nao unachoka kula majivu. Changanya mazao: kitunguu kati ya kabichi, bangi mwitu, lile gugu lenye harufu kali, pembeni. Na usipande kabichi palepale ilipokuwa kabichi msimu uliopita. Huo ni ukaidi, na adui zako watakuwa wanakusubiri mezani.

Kuna nyakati yote haya hushindwa. Sikatai, wala sijawahi kusema sumu isinyunyizwe kabisa duniani. Nasema iitwe jina lake, ipimwe kwa kipimo chake, ivaliwe glavu, isiwekwe kwenye chupa ya soda, na ukishanyunyiza usivune mpaka siku zilizoandikwa kwenye kopo ziishe. Je, ni mambo magumu?

Kina mama wa Munanila, wengi wao wazazi wao walivuka kutoka Burundi na wao sasa ni Watanzania, walilima mboga safi mpaka nikaona fahari. Jumamosi moja nilipanda nao lori kwenda soko la Kasulu. Nikasimama pembeni nitazame. Mteja alikuja, dada aliyevaa vizuri, akainua kabichi, akaona tundu moja dogo kwenye jani la nje, akairudisha.

"Hizi hazijapigwa dawa," akasema, na akaenda meza ya pili.

Nilimfuata. Meza ya pili kabichi zilikuwa zinang'aa, na harufu yake ilinifikia kabla sijainama. Zilikuwa zimenyunyizwa asubuhi ileile, bado zina ule ungaunga mweupe kwenye mikunjo. Alizinusa na yeye. Akaridhika. Kwake ile harufu ilikuwa harufu ya usafi, kama sabuni. Nilimwambia, dada, hiyo ni sumu, ioshe sana au iache. Akanitazama kama ninayemharibia mwenzangu biashara kwa wivu.

Ndipo nikaelewa kwamba neno lile halikuishia Kitahana. Kabichi iliyopigwa dawa ni kabichi iliyotibiwa, na kabichi yenye tundu ni mgonjwa. Nani atanunua mgonjwa? Msimu haukuisha, kina mama wangu wakaanza kununua bomba kwa kuchanga. Waliniomba radhi, maana watoto wao walikuwa wanahitaji ada.

Niliingia kwenye duka la pembejeo la Mzee Sudi, mtu wa Pangani aliyehamia Kasulu kijana na kuzeekea hapa, mstaarabu, hakosi kahawa kwa mgeni. Juu ya mlango palikuwa na herufi nyekundu: DAWA ZA MIMEA. Nilimwomba abadilishe.

"Bibi shamba," alisema, akinimiminia kahawa, "mimi nakuheshimu. Lakini nikiandika sumu hapo mlangoni, nani atakayeingia? Wataingia polisi."

"Basi usipime kwenye chupa za maji, mzee wangu."

"Hilo la chupa sawa. Hilo nakukubalia." Na kweli aliacha, Mungu amrehemu. Wenye maduka waliokuja baada yake wanapima mpaka kwenye vifuko vya barafu.

Nilihamishiwa Kasulu mjini nikamalizia hapo. Mkuu wa idara wa mwisho kunisimamia alikuwa kijana mwenye adabu, ananiita mama, ana kompyuta, na kila mwisho wa mwezi alitaka kujua jambo moja tu, lita ngapi zimesambazwa. Bibi shamba mzuri alikuwa yule mwenye lita nyingi. Niliwahi kumwambia nina kijiji kizima kilichovuna bila hata kufungua kopo. Akafikiri kidogo. "Sasa hicho mama, tukijaze sifuri?" Hakuwa na ubaya. Alikuwa na safu ya kujaza, na mimi sikuwa ndani ya safu.

Siku ya kuniaga walipika pilau, wakasema maneno mazuri, mengine ya kweli. Kisha mkuu wa idara akasimama na zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua, kubwa, yenye mikanda ikichungulia. Nilijua kabla ya kufungua. Bomba la mgongoni, jipya, la manjano. Na katoni ya dawa juu yake.

"Mama, usisahau kazi yako," akasema, na ukumbi ukapiga makofi.

Nilishukuru, maana nimelelewa. Katoni niliirudisha ofisini kesho yake, nikasema sina mahali pa kuifungia. Bomba nilibaki nalo. Halijawahi kuonja kitu chochote isipokuwa maji ya kisima. Tundu lake dogo lilinyunyiza laini, lilifaa kwa kitalu, halikufukua mbegu kama ndoo inavyofanya. Magoti yangu hayapendi kuinama, basi kila asubuhi nililivaa, nikazunguka na kumwagilia lengalenga ya Leokadia, ambayo sijawahi kuacha kuipanda popote nilipopelekwa.

Kinachozidi nauza. Mwanzoni sikuuza kitu. Mchicha una matundu, watu wanapita. Halafu, taratibu, wakaanza kuja wenyewe mpaka mlangoni, wananunua mafungu yenye matundu bila kuuliza. Nikajiambia, Yusta, wameelewa. Baada ya kusema miaka yote hii, hatimaye wameelewa. Niliona fahari kiasi kwamba nilianza kuwaongezea fungu la bure.

Majuzi alikuja Mama Shukuru, jirani wa mtaa wa nyuma, mwanamke mchapakazi anayekaanga maandazi asubuhi. Alinikuta na bomba mgongoni.

"Shikamoo bibi. Samahani, hiyo dawa unayopiga inaitwaje? Tumeulizana sana pale mtaani. Watu wanasema mchicha wako unapigwa dawa kila siku, na haunuki."

Kwa hiyo hilo ndilo lililowaleta. Bomba.

"Ni maji, mwanangu," nikamwambia.

Akatabasamu, tabasamu la mtu anayejua kwamba wazee wana siri zao. "Bibi naye. Nitajie jina tu, nitainunua mwenyewe."

"Nimesema maji. Ya kisima."

"Haya bibi," akasema, na ilikuwa wazi kwamba haamini hata kidogo.

Hapo hasira ya maisha yangu yote ilinipanda. Nikalishusha bomba, nikafungua kifuniko, nikachota kikombe, nikanywa mbele yake mpaka tone la mwisho. Nikaugeuza mdomo wa kikombe chini aone.

Mama Shukuru aliweka mkono kifuani. Macho yalimtoka, na niliona kwamba sasa ameamini, lakini siyo nilichotaka.

"Kumbe ni dawa kweli," alisema. "Hata mtu anakunywa."

Nikakaa kwenye ukingo wa tuta, jambo ninalowakataza wengine, na nikamvuta akae pia. Nikamweleza yote. Nilianza na foleni ya Kitahana, nikamweleza chupa ya soda, miguu ya Edsoni, mate, mboni za macho, baiskeli ya kwenda hospitali. Nilitumia neno sumu, nikatumia na uburozi, liwalo na liwe. Alinisikiliza bila kunikatiza. Alitikisa kichwa, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, na nikajua kwamba mara hii nimefika, mtu mmoja angalau nimemfikia.

Kisha akanisogelea.

"Na wale funza, bibi," akauliza, "walikufa?"

Nilimtazama.

"Nauliza kwa sababu mjukuu wangu anao."

Shoka nilikuja kulitafuta baadaye, na bomba lile sasa ni vipande viwili, kila kimoja kimejaa udongo na miche ya lengalenga. Kwanza niliingia ndani nikachukua pini ya kutolea funza, sabuni, beseni na mafuta ya kupaka. Nikatoka nikamwambia Mama Shukuru atangulie, anionyeshe nyumba.